Sarafu za kale: Jinsi ya kuanza kuzikusanya bila kuiharibu historia

Na MWANDISHI WETU

NILIPOKUWA mwanafunzi wa shule ya upili, nyanya yangu alinipa sarafu moja ya shaba aliyokuwa ameirithi kutoka kwa mamake. Ilikuwa nyeusi tititi, na maandishi yake yalionekana kwa shida. Kwa ujinga wa ujana, niliilaza usiku kucha katika maji ya ndimu, na asubuhi nikaisugua kwa jivu hadi ikang'aa mithili ya sufuria mpya. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Miaka kadhaa baadaye nilimwonyesha mwalimu wangu wa historia chuoni. Aliigeuzageuza kiganjani, akaisogeza karibu na dirisha, kisha akaniuliza kwa upole: "Kijana, uliiosha?"

"Ndiyo, mwalimu. Ilikuwa chafu sana."

"Haikuwa chafu," akasema. "Ilikuwa imezeeka."

Sarafu hiyo ilikuwa pesa ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Mizani iliyochorwa juu yake bado inaonekana. Tarakimu za mwaka nazo zimebaki kama kivuli, na hakuna fundi duniani awezaye kuzirejesha.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kila anayetaka kukusanya sarafu za kale hukabiliwa na hatari iyo hiyo: kuiharibu historia kwa mikono anayodhani inaihifadhi. Uraibu huu ni wa raha na elimu tele, tena hauhitaji utajiri. Lakini una adabu zake, na ni heri mtu azijue kabla ya kutoa senti yake ya kwanza.

Sarafu ya kale ni ipi?

Katika mazungumzo ya kawaida, sarafu yoyote isiyotumika tena huitwa ya kale. Wakusanyaji waliobobea, hata hivyo, hutumia neno hilo kwa uangalifu zaidi. Kwao, sarafu za kale ni zile zilizoanza kutengenezwa katika ufalme wa Lydia, ulioko Uturuki ya leo, yapata karne ya 7 Kabla ya Kristo, hadi kuanguka kwa dola ya Roma ya magharibi katika karne ya 5 Baada ya Kristo. Hizo za Lydia zilikuwa vibonge vidogo vya mchanganyiko wa dhahabu na fedha, vikiwa vimepigwa mhuri upande mmoja.

Zilizofuata baada ya hapo huitwa za zama za kati, na nyingine huitwa za kisasa hata zikiwa na umri wa miaka 300. Hivyo basi, sarafu za masultani wa Kilwa, kwa lugha ya wakusanyaji, ni za zama za kati, ilhali ile ya nyanya yangu ni mtoto mchanga.

Afrika haikuachwa nyuma katika zama hizo za mwanzo. Ufalme wa Aksum, ulioenea katika Ethiopia na Eritrea za leo, ulianza kutoa sarafu zake za dhahabu, fedha na shaba mwishoni mwa karne ya 3 Baada ya Kristo. Sarafu za mwanzo za Mfalme Ezana zina alama ya mwezi mwandamo na duara. Baada ya mfalme huyo kuingia Ukristo katika karne ya 4, alama hiyo iliondolewa na mahali pake ukawekwa msalaba. Mtu anayezipanga sarafu hizo mezani huona kwa macho yake taifa likibadilisha dini. Hiyo ndiyo ladha inayowafanya watu wautumie uhai wao wote katika kazi hii.

Anza na kopo la nyumbani

Kosa la kwanza la mwanagenzi ni kukimbilia za mbali kabla ya kuzitazama za karibu. Katika nyumba nyingi za Kenya kuna kopo, kibweta au mkoba mkuukuu wenye sarafu ambazo hakuna anayezikumbuka. Anzia hapo.

Huenda ukakuta ndururu na mapeni yenye tundu katikati, yaliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Bodi hiyo iliundwa mwaka 1919, ikatoa florini mwaka 1920 na kuanzisha shilingi mwaka 1921. Ukikuta ndururu au peni ya mwaka 1936, usiipite haraka. Soma jina la mfalme lililozunguka tundu. Iwapo utaona EDWARDVS VIII, basi umeshika jina la mfalme wa Uingereza aliyetawala kwa muda usiotimia mwaka mmoja, akaking'atukia kiti Desemba 1936. Ni nchi chache mno duniani zilizotoa sarafu za matumizi ya kawaida kwa jina lake, na Afrika Mashariki ni mojawapo. Sababu ni nyepesi: sarafu zenye tundu hazikuwa na picha ya kichwa cha mfalme, kwa hivyo hakukuwa na haja ya kumsubiri achorwe.

Utazikuta pia zile za kwanza za Kenya huru, za mwaka 1966, zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Zile zenye sura ya Rais Daniel arap Moi zilizoanza kutolewa mwaka 1980. Na ile ya shilingi 40 ya mwaka 2003, yenye sura ya Rais Mwai Kibaki, iliyoadhimisha miaka 40 ya uhuru. Kisha ziweke kando ya zilizozinduliwa Desemba 2018, ambazo zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Katiba ya mwaka 2010 ilipiga marufuku picha ya mtu yeyote kwenye pesa za Kenya, na ndiyo maana nafasi ya marais ilichukuliwa na wanyama. Kwa sarafu nne au tano ambazo hazikukugharimu chochote, tayari unasimulia historia ya nchi.

Zoezi hili hukufunza kutazama. Mtu asiyeweza kutofautisha ndururu mbili za miaka tofauti hana haraka ya kununua dinari ya Kirumi.

Hata lugha yetu yenyewe ni mkusanyo wa sarafu. Neno "pesa" lilitujia kutoka paisa ya Bara Hindi. "Rupia" ilisafiri nayo. "Hela", linalotamkwa zaidi na ndugu zetu wa Tanzania, ni heller ya Wajerumani, waliokuwa wakiitawala Tanganyika. "Thumuni" ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane. Tunapolalamika kwamba hatuna pesa wala hela, twazitaja sarafu za dola mbili zilizokwisha kutoweka.

Chagua uwanja mmoja

Dunia imetoa aina nyingi mno za sarafu, na hakuna mtu anayeweza kuzikusanya zote. Atakaye yote hukosa yote. Mkusanyaji mwenye busara huchagua uwanja mdogo, akaufahamu vyema. Anaweza kuchagua mtawala mmoja, mji mmoja, karne moja, au hata mnyama mmoja anayejitokeza kwenye sarafu za mataifa mbalimbali.

Kwa anayezitamani za kale hasa, wakusanyaji wengi humshauri aanze na sarafu za shaba za Kirumi za karne ya 4, enzi ya Constantine na wanawe. Zilitengenezwa kwa mamilioni, na zilizosalia ni nyingi. Ya kawaida, inayosomeka vizuri, aghalabu haizidi bei ya jozi ya viatu. Watu wengi hushangaa kusikia hivyo, kwa maana hudhani kwamba umri ndio huleta thamani. La hasha. Bei ya sarafu huamuliwa na uchache wake, hali yake na idadi ya wanaoitaka. Sarafu ya miaka 1,700 yaweza kuwa rahisi kuliko ya juzi iliyotolewa kwa idadi ndogo.

Anayependa fedha kuliko shaba anaweza kuifuata denario, sarafu ya fedha ambayo Roma iliianzisha mwishoni mwa karne ya 3 Kabla ya Kristo. Historia yake ni somo la uchumi. Wakati wa Augustus ilikuwa na uzani wa karibu gramu 4, na fedha yake ilikuwa karibu safi. Mwaka 64 Baada ya Kristo, Nero aliipunguza uzani na kuitia madini duni. Waliomfuata wakaendelea na mtindo huo hadi, kufikia mwanzo wa karne ya 3, karibu nusu yake haikuwa fedha tena. Serikali inayokosa pesa za kulipa wanajeshi hufanya nini? Jibu limo katika vipande hivyo, na wasomaji wanaofuatilia bajeti za siku hizi hawatahitaji kufafanuliwa zaidi.

Soma kabla ya kununua

Wazee wa uraibu huu wana wosia mmoja: nunua kitabu kabla ya kununua sarafu. Siku hizi wosia huo umerahisishwa na intaneti. Makavazi ya British Museum mjini London yana picha na maelezo ya sarafu nyingi yanayoweza kusomwa bila malipo. Shirika la American Numismatic Society la New York nalo hushiriki katika kuendesha orodha ya sarafu za watawala wa Roma, tangu Augustus, ambapo mtu anaweza kutafuta kwa jina, kwa madini au kwa maneno yaliyochorwa.

Kusoma sarafu ya Kirumi si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Maandishi yanayokizunguka kichwa huwa na jina la mtawala pamoja na vifupisho vya vyeo vyake. AVG ni Augustus, cheo cha mtawala mkuu. CAES ni Kaisari. IMP ni amiri jeshi. Upande wa pili huwa na mungu, askari, lango la ngome au ushindi fulani ambao serikali ilitaka raia waujue. Kabla ya magazeti, sarafu ndiyo iliyokuwa tangazo la serikali. Chini kabisa, katika sarafu za karne ya 4, kuna herufi ndogo zinazotaja mji zilikopigwa. ALE, kwa mfano, ni Alexandria nchini Misri, ilhali TR ni Trier, mji ulioko Ujerumani ya leo.

Sarafu za Kilwa zina utamu wa aina nyingine. Nyingi ni za shaba, na maandishi yake ya Kiarabu yana vina. Upande mmoja hutaja jina la sultani, na upande wa pili hutaja kumtegemea kwake Mwenyezi Mungu, kwa maneno yaliyochaguliwa ili mwisho wake ulandane na mwisho wa jina lake. Ni nani mwingine, isipokuwa watu wa mwambao, angeifanya pesa ya sokoni kuwa ubeti wa shairi?

Jihadhari na mitego

Mtego wa kwanza ni tarehe. Wakazi wa mwambao waliijua sana riale, sarafu kubwa ya fedha yenye picha ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Ilitumika Zanzibar, Arabuni na Ethiopia. Karibu kila riale utakayoiona ina mwaka 1780, ambao ndio mwaka aliofariki malkia huyo. Wafanyabiashara walikuwa wameizoea na kuiamini kiasi kwamba viwanda viliendelea kuipiga kwa tarehe ile ile, mjini Vienna na baadaye hata London na Bombay, hadi karne ya 20. Kwa hivyo, anayekuuzia riale kwa hoja kwamba ina umri wa zaidi ya miaka 240 huenda hadanganyi kwa makusudi, lakini nawe usikubali kudanganyika.

Mtego wa pili ni bandia. Ughushi ulianza karibu pamoja na sarafu zenyewe. Kuna denario za kale ambazo ndani yake ni shaba iliyofunikwa kwa ngozi nyembamba ya fedha, kazi ya walaghai wa miaka 2,000 iliyopita. Siku hizi bandia hutengenezwa viwandani, na zinazoigwa mno ni zile zinazopendwa, kama vile sarafu ya fedha ya Athens yenye picha ya bundi.

Ili kuzitambua, kumbuka jinsi sarafu za kale zilivyotengenezwa. Fundi aliweka kipande cha madini yaliyopashwa moto juu ya mhuri mmoja, akaweka mhuri wa pili juu yake, kisha akapiga kwa nyundo. Nguvu ya nyundo huacha herufi zenye kingo kali, na mara nyingi picha hukaa upande kidogo. Bandia nyingi husubiwa, yaani madini huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Zitazame kwa kioo cha kukuzia. Ukiona vitundu vidogo vya hewa, herufi zilizolegea kama sabuni iliyotumika, au mstari unaouzunguka ukingo mahali pande mbili za kalibu zilipokutana, rudisha mkono wako mfukoni.

Vifaa vinavyohitajika havizidi vitatu: kioo cha kukuzia, mizani ndogo inayopima hadi sehemu za gramu, na rula ya kupimia kipenyo. Linganisha vipimo vyako na vilivyochapishwa. Sumaku nayo husaidia, kwa kuwa dhahabu, fedha na shaba hazivutwi nayo. Hata hivyo, sarafu kushindwa kuvutwa na sumaku si ithibati kwamba ni halali. Ni kwamba tu haijakamatwa bado.

Kinga kubwa kuliko zote ni muuzaji mwenyewe. Nunua kwa mtu anayekupa risiti, anayetaja alikoipata sarafu, na aliye tayari kuipokea tena na kukurudishia pesa zako ikibainika kuwa ni ghushi. Anayekuharakisha, akidai kwamba mteja mwingine yuko njiani, mwache ampokee mteja huyo.

Usiioshe

Narudia somo la ndimu na jivu kwa sababu ndilo linalovunjwa mara nyingi zaidi. Utando wa kijani, kahawia au mweusi ulio juu ya shaba ya kale si uchafu. Ni tabaka lililoundwa na madini yenyewe kwa miaka mingi, nalo huilinda sarafu. Ukiliondoa, unaondoa pia mistari myembamba ya picha na herufi, na thamani ya sarafu huporomoka. Dawa ya meno, siki, mchanga, brashi ya chuma na dawa za kung'arishia vyombo ni maadui wakubwa.

Kuna rangi moja tu ya kuogopwa. Ukiona unga wa kijani kibichi hafifu unaotoka kwa kidole, huo ni ugonjwa wa shaba, unaosababishwa na chumvichumvi na unyevu. Itenge sarafu hiyo na wenzake mara moja, iweke mahali pakavu, na utafute ushauri wa mhifadhi wa vitu vya kale. Wanaoishi Mombasa, Malindi au Lamu, ambako hewa ina chumvi na unyevu mwingi, wawe macho zaidi.

Ishike sarafu kwa kingo zake, si kwa nyuso zake, kwani jasho la vidole huacha alama. Ifanyie kazi juu ya kitambaa laini ili ikianguka isiumie. Ihifadhi katika bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi, au vihifadhio vya plastiki ngumu vilivyotengenezewa sarafu. Epuka plastiki laini zenye harufu kali, kwa sababu baada ya muda hutoa kemikali inayoganda juu ya madini kama ute wa kijani. Vijipakiti vya kufyonza unyevu, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya na mikoba, visitupwe. Vitie ndani ya sanduku la sarafu, na uvibadilishe mara kwa mara.

Hatimaye, weka daftari. Kila sarafu ipewe nambari, uzani, kipenyo, maelezo, tarehe uliyoipata, uliyemnunulia na bei. Hiyo ndiyo nasaba yake. Sarafu isiyo na nasaba ni kama mtoto aliyeokotwa: yaweza kupendwa, lakini kila anayeiona huuliza imetoka wapi.

Kilichofukiwa si chako

Hapa ndipo penye uzito wa makala hii. Masultani wa Kilwa hawakuwa na desturi ya kuandika mwaka juu ya sarafu zao. Kwa hivyo umri wake haujulikani kwa kuzitazama, bali kwa kujua zilikuwa katika tabaka gani la udongo, na zilikuwa pamoja na nini.

Mwaka 1984, katika eneo la Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, iligunduliwa akiba ya kale yenye zaidi ya sarafu 2,000 za fedha. Miongoni mwa majina yaliyosomwa ni Ali bin al-Hasan, anayefahamika pia kwa sarafu zake za Kilwa. Kabla ya hapo, wataalamu walikuwa wakimweka sultani huyo karibu na mwaka 1200. Lakini katika akiba hiyo zilikuwamo pia dinari za dhahabu za nchi za Kiislamu, zenye miaka iliyoandikwa, na ya mwisho ilikuwa ya karne ya 11. Kwa ushahidi huo, enzi ya Ali bin al-Hasan ilirudishwa nyuma kwa zaidi ya miaka 100, na historia ya mwambao ikaandikwa upya.

Hebu fikiria kama aliyezigundua angezigawa kimyakimya. Za dhahabu zingeuzwa kwa sonara, za fedha zingeyeyushwa kuwa bangili, na chache zingeishia kwa watalii. Kila mnunuzi angeridhika na kipande chake, na hakuna ambaye angejua kwamba kwa pamoja zilikuwa na habari ya karne nzima.

Mifano ni mingi. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, ilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka baharini. Shaba tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wanazuoni wanajadiliana kuhusu zilivyofika huko. Mwaka 2010, wanaakiolojia wa Kenya na China waliokuwa wakichimbua Mambrui, karibu na Malindi, walipata sarafu ya China yenye tundu la mraba, ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Kisha mwaka 2013 ikatangazwa kwamba nyingine kama hiyo ilipatikana kisiwani Manda, Lamu. Katika duka la vitu vya kale, sarafu kama hizo za China si ghali. Zilichofanya ziwe habari ya kimataifa ni mahali zilipotoka.

Sheria ya Kenya inalitambua jambo hilo. Kwa mujibu wa Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, kitu kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa nchini au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, huhesabiwa kuwa kitu cha kale. Vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali. Anayegundua kitu chenye thamani ya kiakiolojia hutakiwa kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya katika muda wa siku saba, akieleza mahali hasa alipokipata na jinsi alivyokipata. Aidha, kukitoa kitu cha kale nje ya nchi kunahitaji kibali.

Maana yake kwa mkusanyaji ni wazi. Usichimbue magofu. Usitembee na mashine ya kutafutia madini huko Gede, Pate au Manda. Usinunue sarafu ambayo muuzaji anakunong'onezea kwamba "imetoka ardhini juzi". Mnunuzi ndiye anayemlipa mchimbaji haramu, hata kama hajawahi kushika jembe. Ukiikuta sarafu shambani au ufuoni, usiioshe. Andika mahali ilipokuwa, piga picha, kisha uwaarifu wahusika. Na ikiwa unamiliki ya urithi iliyotangulia mwaka 1895, waulize wataalamu wa makavazi kabla ya kuiuza au kusafiri nayo.

Wasioweza kununua chochote wasivunjike moyo. Vitu vilivyochimbuliwa katika miji ya kale ya mwambao vinaonyeshwa Fort Jesus mjini Mombasa na katika makavazi ya Lamu. Mtu anayezuru huko akiwa na daftari na kalamu, akachora na kuandika, tayari ni mkusanyaji. Anachokusanya ni maarifa, ambayo hayaibwi wala hayapati kutu.

Nami ile pesa ya nyanya ningali nayo. Niliitia katika bahasha yake, nikaipa nambari moja katika daftari langu. Mbele ya jina lake nimeandika uzani, kipenyo na jina la aliyenipa. Mahali pa hali ya sarafu nimeandika neno moja: imeoshwa. Wajukuu wangu wakiliuliza neno hilo, nitawaeleza. Wakitaka kuigusa, nitawafunza kuishika kwa kingo.